Jinsi ya kuchora dunia mbili kwenye komiki moja bila kumchanganya msomaji

Haya wadau, chukueni karatasi na penseli, leo tunatengeneza stori ya dunia sambamba na tunajifunza kwa kuichambua The Flash namba 123, komiki ya shujaa mwenye spidi ya ajabu, ya Marekani hiyo, mwezi wa 9 mwaka 1961, kaandika Gardner Fox, kachora Carmine Infantino. Kwangu mimi hakuna darasa zuri kuliko hili.

Kwanza tafuta shida ya kutatua. DC, kampuni inayoichapisha, walikuwa na Flash wawili, Jay Garrick wa 1940 na Barry Allen wa 1956, jina moja watu tofauti, sasa unamwambiaje msomaji wa zamani kwamba Flash wake hakuwahi kuwepo? Wakasema wote wapo, kila mtu na dunia yake. Raha yenyewe ni kwamba kwa Barry, Jay ni mtu wa kwenye komiki tu, alikuwa anamsoma, halafu ghafla anasimama naye uso kwa uso! Kama dunia yako ya pili haileti kitu kama hicho, iache.

Pili, mlango. Usilete mashine kutoka hewani. Barry alikuwa anawaonyesha watoto mchezo wa kamba, akatetemesha mwili kwa spidi kali mpaka akatokea upande wa pili, maana dunia zote mbili ziko sehemu ileile ila mtetemo wake tofauti. Umeona? Mlango umetoka kwenye nguvu aliyokuwa nayo tayari.

Tatu, na hapa simamisha video uangalie jalada vizuri. Ukuta umepita katikati, Flash mmoja kushoto mwingine kulia, wote wanakimbia kumwokoa jamaa anayetaka kuangukiwa na boriti la chuma. Jay ana kofia ya chuma yenye mabawa na uso uko wazi, Barry kavaa kinyago, yaani hata bila kusoma neno unajua ni wawili. Kwa hiyo chagua alama moja, kofia, kovu, rangi ya anga, chochote, na uirudie kila fremu bila kuchoka.

Nne, zihesabu dunia zako. DC waliongeza na kuongeza mpaka mwaka 1985 wakaanzisha Crisis on Infinite Earths, matoleo 12, ili kuziunganisha ziwe moja. Wewe anza na mbili.

Sasa gawa ukurasa kwa mstari katikati, mchore mhusika wako mara mbili, mpe mtu asiyemjua akuambie tofauti, akikwama futa kofia uanze upya.