Mtoto atulie ndani ya MRI: dawa ipi?

ZUHURA: Kaka Baraka, mtoto wa miaka 2 ameandikiwa MRI ya kichwa, ile picha inayopigwa ndani ya mashine ya sumaku. Inabidi alale humo hata dakika 40 bila kutikisika. Nyie watu wa usingizi mnampa nini?

BARAKA: Dada Zuhura, kwanza nauliza ni kipimo gani. Picha za CT, zile za mionzi ya eksirei, zinapigwa kwa sekunde chache, wengi hawahitaji dawa. Kichanga wa miezi 2 ananyonyeshwa, anaviringishwa shuka, analala mwenyewe. MRI ndiyo yenye kazi, kwa urefu wake na zile kelele.

ZUHURA: Zamani walikuwa wanapewa ya kunywa.

BARAKA: Klorali haidrati. Ilitengenezwa 1832, ikaanza kulaza watu 1869. Haitaki sindano, ndiyo maana ilipendwa. Lakini ni chungu, watoto huitapika, na haina dawa ya kuikata nguvu. Tena hukaa mwilini saa nyingi, na mdogo zaidi ndiye hukaa nayo zaidi. Mtoto ameamka, mmeruhusiwa, njiani anasinzia tena, kidevu kifuani, njia ya hewa inabanwa.

ZUHURA: Na akiwa mgongoni, mama atasema mwanangu kachoka tu.

BARAKA: Hilo linanikosesha raha hadi leo.

ZUHURA: Midazolamu je?

BARAKA: Hutuliza woga, na flumazenili huikata nguvu. Ila peke yake mara nyingi haitoshi kwa MRI, na wapo watoto wanaocharuka badala ya kutulia. Ketamini tunaiheshimu sana huku kwetu, mtoto huendelea kupumua mwenyewe. Tatizo mate, na mwili kujitikisa. Picha zinaharibika.

ZUHURA: Kuna hii ya kupuliza puani.

BARAKA: Deksimedetomidini. Usingizi wake unakaribia ule wa kawaida, na pumzi haiyumbi sana. Mapigo ya moyo ndiyo hushuka, kwa hiyo tunayafuatilia. Ya puani huchelewa kidogo, kama nusu saa. Ya mshipani, Marekani waliiruhusu mwaka 2022 kwa vipimo kama hivi, kuanzia mtoto wa mwezi 1.

ZUHURA: Na propofoli?

BARAKA: Mtoto analala ndani ya dakika moja, ukiisimamisha anaamka upesi. Lakini ikizidi kidogo tu, pumzi inasimama. Na pale mlangoni kwa MRI huwezi kukimbia na mtungi wa chuma wa oksijeni, sumaku itakunyang'anya.

ZUHURA: Angekuwa wako?

BARAKA: Propofoli, kama yupo mtaalamu wa usingizi ambaye kazi yake ni kumtazama mwanangu tu. Hayupo? Siiruhusu, hata foleni iwe ndefu vipi.

ZUHURA: Mzazi ajiandae vipi nyumbani?

BARAKA: Chakula na maziwa ya kopo, mwisho zikiwa zimebaki saa 6 kabla ya kipimo. Ya mama, zikiwa zimebaki saa 4. Na bibi akimpa uji alfajiri kwa huruma, mama, tuambie. Hatutagomba, tutapanga siku nyingine.