Mita Mbili za Makaa, au Mita Mbili za Nini?

Mbukwenyi! Wakufunzi, wanafunzi na wageni wetu, asanteni kwa kuja.

Kuna atakayeuliza makaa ya mawe yanatafuta nini Dodoma. Kweli, hapa hayapo. Majabali haya ya Mlimwa ni graniti ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, enzi ambazo duniani hapakuwa na mti hata mmoja, na pasipo mimea hakuna makaa. Makaa yetu yako kwenye mabonde ya Karoo, yaani yale yenye matabaka ya miamba ya kale iitwayo Karoo: Ngaka, Mchuchuma, Songwe-Kiwira, Namwele kule Rukwa. Ila taarifa za uchorongaji, yaani utoboaji wa ardhi kutafuta madini, zinasomwa hapa hapa, na baadhi yenu ndio mtakaozisoma.

Mkishaona mmeandikiwa "tabaka la makaa, mita 2", msipige makofi kwanza. Shimo la uchorongaji kwa kawaida linashuka wima, ilhali tabaka huenda limelala mshazari. Kata mkate mshazari uone kipande kinavyojitanua. Tabaka likiinama digrii 30, hizo mita 2 za shimoni ni mita 1.73 za unene halisi. Likiinama digrii 60, umebaki na mita 1. Hapo hakuna aliyedanganya; kuna aliyesahau kupima mwinamo.

Sasa tazameni vipande hivi mezani. Wewe wa mbele, shika kimoja kila mkono. Umeona? Ukubwa ni ule ule, lakini cha kulia kinakuelemea. Hiki chepesi ni makaa: kina mistari inayong'aa na mingine iliyofifia, na kimekuachia weusi vidoleni. Hicho kizito ni mwamba wa udongo uliogandamana, na nacho ni cheusi, ndiyo maana kinapotosha watu. Makaa safi yana uzito wa takriban mara 1.3 ya maji. Mwamba huo unakaribia mara 2.5. Makaa ni mimea ya kinamasi iliyozikwa zamani. Kinamasi kilipofurika, mto ulimwaga tope juu ya mimea iliyokuwa ikioza, kisha mimea ikaota tena. Kwa hiyo ndani ya mita zenu 2 mna utando wa tope hapa, utando pale. Ukiuchimba pamoja na makaa, unageuka majivu kwenye tanuri, na mwenye kiwanda cha saruji ananunua joto, hanunui weusi.

Mwamba ulio chini ya tabaka tunauita sakafu, na mara nyingine unakuta humo alama za mizizi ya msitu wenyewe. Hilo lina raha yake, lakini pesa na roho za watu viko juu, kwenye paa, yaani mwamba ulio juu ya tabaka. Paa la mchanga mgumu hustahimili. La udongo laini humeguka, hasa likilowa. Chini ya ardhi tunaacha nguzo za makaa yenyewe zibebe paa, na kadiri unavyozama ndivyo nguzo zinavyotakiwa kunenepa. Makaa hayo ya nguzoni mmeyahesabu kwenye taarifa, ila sokoni huenda yasifike kamwe.

Halafu kuna methani, gesi inayotoka kwenye makaa. Ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Ni nyepesi kuliko hewa, inajikusanya juu. Kwa hiyo anayepima gesi akiwa amekishika kipimo kiunoni hajapima kitu. Akiinue hadi kwenye paa, aingie nacho kila uwazi ambamo mwamba umemeguka, ndipo awaruhusu wenzake waingie.

Haya, maswali.