Zhu, Shu na Chao: Majina ya Sharhi katika Ubuddha wa China na Japani

Waheshimiwa wasikilizaji,

Mtu anayefungua kwa mara ya kwanza orodha ya maandiko ya Kibuddha ya China hukuta mwishoni mwa anwani nyingi maneno mafupi kama zhu, shu, chao, ji na lun. Wafasiri wengi huyaita yote "ufafanuzi". Kwa kufanya hivyo hupoteza habari ambayo anwani ilikusudiwa kuitoa mapema, yaani kitabu kimekaa umbali gani na matini, na kilitoka katika kalamu ya mwandishi au katika mdomo wa mwalimu aliyekuwa akisomesha.

Zhu ndiyo iliyo karibu zaidi na matini. Ni maelezo yanayoandikwa katikati ya mistari ya sutra yenyewe, yaani andiko linalohesabiwa kuwa mafundisho ya Buddha, kwa kawaida kwa herufi ndogo, ili msomaji asiondoe jicho lake kwenye maneno anayoelezwa. Mtawa Dao'an (312–385) aliandika sharhi za namna hii, na mapokeo yanamhesabu yeye kuwa ndiye aliyeanza kuigawa kila sutra katika sehemu tatu: utangulizi, kiini na uenezi. Mgawanyo huo ulizaa fani nzima ya kuchora mpangilio wa matini, iitwayo ke, ambayo baadaye ilipasuka matawi mengi mno hata msomaji wa leo huweza kupotea ndani ya ramani kabla hajaifikia nchi.

Shu ni jambo jingine. Hapa mfafanuzi hujitenga na ukurasa wa sutra, hunukuu maneno machache tu ya mwanzo wa kifungu, kisha hueleza kwa mapana. Shu nyingi zilianzia darasani. Daosheng, ambaye sharhi yake ya mwaka 432 ndiyo ya kale zaidi iliyobaki juu ya Sutra ya Yungiyungi, anaeleza kwamba msingi wake ni yale aliyoyasikia katika masomo na kuyaandika. Mfano ulio wazi kuliko wote ni wa Zhiyi (538–597), mwalimu mkuu wa madhehebu ya Tiantai. Sharhi yake ya maneno na vifungu vya sutra hiyohiyo haikuandikwa na yeye: mwanafunzi wake Guanding aliisikia mwaka 587 akiwa na umri wa miaka 27, akaja kuisahihisha akiwa na miaka 69. Kwa hiyo tunaposema kwamba Zhiyi "ameandika" jambo fulani, tunapaswa kukumbuka miaka arobaini na zaidi iliyopita kati ya sauti yake na maandishi tuliyo nayo.

Juu ya shu hujengwa chao au ji, yaani ufafanuzi wa ufafanuzi. Aliyesoma chuoni katika pwani yetu, akapanda kutoka matini hadi sharhi na kutoka sharhi hadi hashia, hatahitaji maelezo marefu. Chengguan, wa madhehebu ya Huayan, aliandika shu ya magombo 60 juu ya sutra yenye magombo 80, kisha yeye mwenyewe akaiandikia shu hiyo chao ya magombo 90. Hashia ikawa ndefu kuliko sutra yenyewe!

Neno lun linahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu linahusu cheo. Wachina walilitumia kutafsiria risala za mabwana wa India, na lun zikahesabiwa kuwa moja ya sehemu tatu za hazina ya maandiko, pamoja na sutra na kanuni za watawa. Ndiyo maana sharhi ya Vasubandhu, bwana wa India, juu ya Sutra ya Yungiyungi inaitwa lun, ilhali ile ya Daosheng juu ya sutra hiyo inaitwa shu. Kazi ni ileile, heshima ni mbalimbali. Nami naona hili linatuambia zaidi kuhusu mamlaka ya India machoni pa Wachina kuliko kuhusu yaliyomo katika vitabu hivyo.

Wajapani walizipokea herufi hizohizo na kuzisoma kwa sauti yao: zhu ikawa chuu, shu ikawa sho, chao ikawa shoo, ji ikawa ki. Sharhi tatu za kale ziitwazo gisho zinanasibishwa na Mwanamfalme Shootoku, wa mwanzoni mwa karne ya 7, ingawa wataalamu wanabishana sana juu ya unasaba huo, hasa kwa kuwa mojawapo inafanana kwa sehemu kubwa na hati iliyopatikana Dunhuang, magharibi mwa China.

Lakini neno lililobadilika zaidi huko ni shoo. Katika karne ya 15 na ya 16 watawa wa madhehebu ya Zen wa Kyoto, pamoja na wasomi wengine, walisomesha maandiko ya Kibuddha na ya Kichina, na wanafunzi wakaandika walichosikia kama kilivyosemwa, pamoja na viishio vya sentensi vya mazungumzo ya kila siku. Maandishi hayo huitwa shoomono, na leo wanaoyasoma kwa bidii kubwa ni wanaisimu, kwa kuwa ni miongoni mwa ushahidi bora uliobaki wa namna Kijapani kilivyozungumzwa wakati huo.