Bahari Chini ya Gari: Kuosha na Kuendesha Gari la Michezo Wakati wa Theluji

Wazee wangu, shikamooni. Wengine, habari za jioni. Asanteni kwa kuacha nyumba zenye joto mkaja kusikiliza habari za gari ambalo nusu yenu mnaliona la kipuuzi. Viti viwili, paa la turubai, na buti ambalo gunia moja la unga wa sembe linalimaliza. Ni Mazda MX-5, na huu ni msimu wa sita naliendesha hapa Ottawa, Kanada, Novemba mpaka Aprili, kazini na sokoni.

Nimeombwa niseme juu ya kuliosha na kuliendesha. Naanza na kuliosha, kwa sababu huko ndiko wengi wanakosea, na mimi nilikosea zaidi ya wengi.

Nimezaliwa Likoni, Mombasa. Mtoto wa Likoni haambiwi habari za kutu. Baba alikuwa na Peugeot 504, na kila Jumamosi alilimwagia maji baridi; nyinyi wa pwani mwajua, si maji yenye ubaridi bali maji yasiyo na chumvi. Hata hivyo upepo wa bahari ulilila polepole, ukaanzia chini ya milango, pale macho hayafiki. Mnunuzi alipokuja kutoka bara hakufungua hata boneti. Alilala chali, akagongagonga kwa funguo na kusikiliza mlio. Akataja bei ambayo baba hakuipenda, lakini baba akaikubali.

Hapa Ottawa hatuna bahari. Tuna Goderich. Huo ni mji mdogo kando ya Ziwa Huron, humu humu jimboni kwetu Ontario, na kiasi cha mita 550 chini, chini ya ziwa lenyewe, kuna mgodi wa chumvi mkubwa kuliko migodi yote ya chumvi ya chini ya ardhi duniani. Ni bahari ya kale iliyokauka. Wanaichimbua chumvi yake, wanaipakia melini, inamwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Yaani nilikimbia upepo wa bahari, nikaikuta bahari yenyewe inarushwa na matairi yangu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Watu hudhani baridi kali ndiyo inayoharibu gari. Hapana. Chumvi ya kawaida huyeyusha barafu vizuri mpaka kama nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri. Ikizidi hapo inachoka, na ikifika nyuzi 21 chini ya sifuri hata maji yaliyoshiba chumvi yanaganda. Chuma hakishiki kutu bila unyevu. Kwa hiyo ile wiki ya Januari ambayo pumzi inaganda kwenye masharubu, kutu nayo imelala. Inaamka siku ile mnayoisifu: jua limetoka, kipimo kinasoma mbili juu ya sifuri, barabara imekuwa uji wa kijivu. Uji ule unaingia kwenye madigadi, kwenye paipu za breki, kwenye kila kona ya chini, na kazi inaanza.

Ndiyo maana mwenye gereji yenye joto anaweza kulimaliza gari lake haraka kuliko anayeliacha nje. Analiingiza limejaa barafu ya chumvi, usiku kucha inayeyuka, chuma kinalowa kwenye joto zuri. Asubuhi analitoa, jioni analirudisha. Ukiwa na gereji ya joto, suuza kwanza, kisha ndiyo uingize.

Kuna jambo jingine. Siku za baridi kali barabara nyingine hunyunyiziwa chumvi ya magnesiamu au ya kalsiamu, kwa sababu zinafanya kazi pale ile ya kawaida iliposhindwa. Hizi zinanyonya unyevu kutoka hewani. Mnakumbuka chumvi ya nyumbani ilivyokuwa inalowa kwenye kikopo wakati wa masika, mama akatia punje za mchele? Unyevu ule ulitokana kwa sehemu kubwa na magnesiamu iliyobaki ndani ya chumvi ya bahari. Sasa ipeleke chini ya gari. Unaona juu pamekauka, unasema salama. Chini bado pamelowa, na hapana wa kutia mchele.

Basi mimi naosha lini? Siku uji unapoanza kuganda tena, yaani mwisho wa siku za joto, na si katikati yake. Ukiosha katikati, kesho umeurudisha wote. Naenda kwenye vibanda vile vya kujioshea kwa sarafu, vyenye bomba la presha. Mashine ya brashi siiingizii gari. Brashi zile zimetoka kusugua lori lenye mchanga, zinakuja kuuhamishia kwenye rangi yako. Mashine isiyogusa ni afadhali, ila sabuni yake ni kali na inaondoa waksi.

Kwenye kibanda, dola zangu za kwanza hazigusi bodi kabisa. Nachuchumaa. Bomba naliingiza kwenye madigadi ya nyuma, naelekeza juu, kisha mbele, kisha nyuma. Mwanzoni yanatoka maji tu. Halafu bonge linaachia, linaanguka kwa kishindo, jeusi, kubwa kama tofali, limekaa humo tangu Jumatatu. Baadaye yanakuja maji ya kijivu, halafu ya kahawia, na siondoki mpaka yatoke meupe. Magurudumu manne, dakika kumi. Boneti na milango nasuuza kwa hela zitakazobaki. Majirani wananiona nikitoka na gari lenye madoa ubavuni, wanadhani nimeibiwa.

Kusugua kwa sponji kwenye baridi sifanyi. Nangoja siku ya juu ya sifuri: ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, na kitambaa laini cha maikrofaiba. Mchanga ubaki kwenye ndoo ya pili. Msimu wa kwanza nilifagia theluji kwenye boneti kwa ufagio mgumu, wa kufagilia uani. Theluji ikaondoka vizuri kabisa. Mwezi wa Mei, jua lilipopiga, nikaona boneti nzima utando wa buibui. Mikwaruzo ile nililipia.

Na milango. Nilishaosha kwenye nyuzi 17 chini ya sifuri, nikaegesha, nikaingia kula. Niliporudi mlango umeshikana na mpira wake. Nikavuta kama mwanamume. Mlango ukaja, mpira ukabaki nusu umechanika. Siku hizi nakausha mipira kwa kitambaa, napaka silikoni, na breki nazikanyaga taratibu njiani ili diski zikauke. Breki ya mkono siivuti usiku baada ya kuosha, inaweza kuganda ikiwa imeshika. Naegesha mahali tambarare, naacha gia ya kwanza. Wenye paa la turubai, angalieni pia vitundu vya kutolea maji nyuma ya viti. MX-5 za zamani zinajulikana kwa hilo: majani yanaziba, maji yanashukia ndani ya ubavu, na chuma kinaliwa kutokea ndani.

Kuendesha nitasema kwa ufupi, kwa sababu karibu kila kitu ni matairi. Mnaniambia, gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma halifai theluji. Lisilofaa ni tairi la kiangazi. Mpira wake unaanza kukakamaa hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, hata barabara ikiwa kavu. Novemba moja nilichelewa kubadilisha kwa siku tatu tu. Njia ya kuingilia nyumbani ina mteremko mdogo, mtoto anaushuka kwa baiskeli bila kukanyaga pedali. Nimetia gia ya kwanza, nimekanyaga breki, magurudumu yote yamesimama, na gari linashuka kinyumenyume kwenda barabarani, kimyakimya, kama mtu aliyevaa kandambili kwenye sakafu ya sabuni. Namshukuru Mungu hakuwa anapita mtu.

Tafuteni tairi lenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Ndugu zetu wa Gatineau, ng'ambo ya mto, hawana hiari: sheria ya jimbo lao la Quebec inataka matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka 15 Machi. Sisi wa Ontario hatulazimishwi, ila bima inapaswa kukupunguzia kidogo ukiwa nayo, basi daini. Upepo wa matairi nao upimeni: unashuka kama psi moja, kile kipimo cha presha ya tairi, kwa kila nyuzi tano na nusu za baridi. Uliyejaza Septemba na kusahau, Januari unaendesha tairi nusu legevu.

Kwenye barafu ondokeni kwa gia ya pili, mguu mwepesi. Msishushe gia ghafla kwenye kona. Magurudumu ya nyuma yatashikwa na mkia utawapita. Na theluji ikizidi sentimita 15, mimi napanda basi. Tumbo la gari langu liko chini ya hapo, nitakuwa nalima.

Shangazi pale nyuma ameuliza kwa nini nisilifungie tu mpaka Mei. Wengi wanafanya hivyo, na si vibaya, mradi walisuuze chini kwanza na betri waiunganishe na chaja. Mimi, shangazi, nina gari hilo moja.

Liko nje sasa, karibu na mlango. Nimelipulizia chini mafuta ya sufu ya kondoo ya kuzuia kutu mwezi wa Oktoba, kwa hiyo atakayelala chini atachafuka. Tochi ninayo, na maboksi ya kulalia nimeleta mawili. Njooni na funguo zenu mgonge.