Mkono wa Darcy

Ndugu zangu, filamu tunayoizungumzia jioni hii ni Pride & Prejudice ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Joe Wright. Kisa chake wengi mnakijua kutokana na riwaya ya Jane Austen ya mwaka 1813: mabinti watano wa Mzee Bennet, mali ambayo baba akifa itakwenda kwa ndugu wa mbali wa kiume, na Bwana Darcy mwenye pato la pauni 10,000 kwa mwaka. Hayo tuyaache. Tutazame mikono.

Tuanzie Netherfield, jumba alilopanga Bingley, rafiki yake Darcy. Jane, binti mkubwa wa Mzee Bennet, aliugua huko, mdogo wake Elizabeth akamfuata kwa miguu hadi pindo la gauni likajaa matope, na sasa wanarudi kwao. Gari la farasi liko mlangoni. Darcy anamshika Elizabeth mkono ili apande, kiganja kwa kiganja, bila glavu. Elizabeth anashtuka, anamtazama. Darcy hasemi neno, anageuka na kwenda zake. Hapo kamera inausogelea mkono wake: vidole vinatanuka, vinakakamaa, kisha vinalegea, kama vya mtu aliyegusa kaa la moto. Sekunde chache tu, na uso haumo kwenye picha. Ungekuwamo, tungeusoma uso na mkono tusingeuona.

Katika dunia ile, kijana na binti ambao hawajaoana hawashikani ovyo. Hushikana kwenye dansi, kwa hatua zilizopangwa, mbele ya macho ya ukumbi mzima. Kumpandisha mwanamke garini nako ni adabu, kunaruhusiwa. Lakini vile vidole vinavyofanya baadaye havimo katika adabu yoyote, na ndiyo maana tunajua siri ya Darcy mapema kuliko Elizabeth.

Tangu hapo Wright anatubania. Posa ya kwanza, ambayo riwaya inaiweka ndani ya nyumba, yeye ameitoa nje kwenye mvua, katika hekalu la bustani ya Stourhead. Wanagombana, nyuso zinakaribiana hadi wanapumuliana, na bado hawabusiani. Kisha jumba la Chatsworth, Derbyshire, lililotumika kama Pemberley, nyumbani kwa Darcy: Elizabeth anapita katikati ya sanamu za marumaru, na kwa mara ya kwanza anautazama mwili wa binadamu bila kuona haya. Mojawapo ni mwanamke mwenye shela, kazi ya Raffaelle Monti ya mwaka 1847, ilhali filamu imewekwa mwishoni mwa karne ya 18. Kosa hilo nalisamehe; shela ile ya jiwe, nyepesi kama hariri, inafaa mno mahali pale. Nisilolisamehe ni Wickham, yule askari mlaghai, kupewa muda mfupi, hata habari ya kumtorosha Lydia, mdogo wake Elizabeth, inatuangukia ghafla.

Deni linalipwa alfajiri, kondeni. Elizabeth anaushika mkono uleule, anaubusu, na anachosema ni kwamba una baridi.

Nakala iliyoonyeshwa Marekani iliongezwa usiku wa Pemberley, wenye mabusu. Ya Uingereza haikuwa nao. Baada ya mkono ule kubusiwa, mabusu hayo ni maji juu ya maji. Kama nakala yenu inao, zimeni pale Mzee Bennet anapokwisha kutoa idhini yake, akabaki peke yake chumbani, anacheka huku macho yamejaa machozi.