Zima Data Kwanza, Ndipo Ujenge

Wengine wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalirudia: programu ya simu ianze kujengwa data ikiwa imezimwa.

Asubuhi moja nilimfuata msoma mita kazini hapa Nairobi. Tukashuka orofa ya chini ya ardhi ya jengo moja Eastleigh. Mita za maji kama ishirini zimepangwa ukutani, giza, tochi ameibana kwa meno. Akasoma ya kwanza, akaingiza namba kwenye simu, akabonyeza "Hifadhi". Kaduara kakazunguka. Kakazunguka tena. Kisha fomu ikabaki tupu kana kwamba haijaguswa. Hakulalamika. Alichomoa kalamu mfukoni akaandika namba kiganjani. Ya pili, kiganjani. Kiganja kilipojaa, akapanda kwenye mkono. Tulipofika juu kwenye mtandao jasho lilikuwa limeshakula wino, 3 na 8 hazitofautiani. Bili za watu zikatoka hapo, kwenye ngozi iliyolowa. Na programu ile niliijenga mimi.

Najua kuna anayetaka kuniambia, "Lakini Nairobi ina faiba, ina 4G kila mtaa." Sawa. Chini ya zege ipo? Ndani ya lifti je? Na bando likiisha saa nne asubuhi, msoma mita anunue jingine kwa pesa yake?

Tena jukwaa, yaani chombo mnachojengea programu, msilisingizie. Hata usipoandika msimbo mwingi, vifaa vipo. Jukwaa la OutSystems linakupa SQLite, hifadhidata ndogo, ndani ya simu, Mendix nayo ina hifadhidata yake ya humo humo, Power Apps ina SaveData na LoadData, amri za kuhifadhi data kwenye simu na kuisoma tena. ODK, programu ya kukusanya data kwa fomu iliyoanzishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, huruhusu fomu ijazwe mbali na mtandao na itumwe baadaye. Kosa tunalifanya sisi: tunaburuta fomu, tunaifunga moja kwa moja kwenye jedwali la seva, kwa kuwa pale ofisini kwenye Wi-Fi imekubali. Jamani, "Hifadhi" iandike kwenye simu kwanza, kila mara, hata mtandao ukiwepo! Kupeleka kwa seva ni kazi nyingine, yenye foleni yake.

Migongano, yaani rekodi ya simu na ya seva zisipokubaliana, haraka haraka. Msimamizi amesahihisha rekodi saa tatu. Simu iliyokuwa chini ya ardhi inaibuka saa kumi na rekodi ile ile ya kale. Ukimwachia wa mwisho kuandika ashinde, sahihisho limepotea. Ipe kila rekodi namba ya toleo, seva ilikatae la zamani, mtu aamue. Na kitambulisho cha rekodi kizaliwe kwenye simu, yaani UUID, namba ndefu isiyojirudia, kisingoje namba ya seva.

Toeni simu. Wekeni hali ya ndegeni, jazeni fomu moja ya programu yenu, hifadhini. Sasa zimeni simu kabisa, kisha muziwashe. Ile fomu ipo?