Anapoziba Masikio: Mazungumzo na Wazazi na Walimu, Chake Chake

Assalaam aleikum. Wazazi wangu, walimu wenzangu, masheha, maalim wa vyuoni, ahsanteni kwa kuja na mvua yote hii. Kabla sijasema lolote: yule mtoto anayekwenda na kurudi pale mlangoni, naomba mumwache. Mama yake asimkimbilie wala asituombe radhi. Hatusumbui. Anatembea ili aweze kukaa nasi.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, lakini leo nasema zaidi kama mama mdogo. Mtoto wa dada yangu ana usonji. Alipokuwa na mwaka na nusu, ukimwita hageuki. Tukasema kiziwi. Lakini karatasi ya biskuti ikitatuka chumba cha pili, huyo, mbio. Watoto wa umri ule hukunyooshea kidole kuku, ndege, gari, wakitaka nawe uone. Yeye hakunyoosha. Akitaka maji alikushika mkono na kuupeleka kwenye kata, hata usoni hakutazami. Alipoanza kusema, akiwa na kiu alisema, "Unataka maji?" Watu wakacheka. Lakini fikirini: kila maji yalipomjia, maneno aliyoyasikia ni hayo. Kwake, hayo ndiyo maneno yanayoleta maji.

Tulimpeleka kila pahala. Alinyweshwa kombe, akafukizwa, tukaambiwa kachezewa na shetani. Dua siikatazi, mimi mwenyewe namwombea kila sala. Ninachokikataza ni kumpiga mtoto ili shetani atoke, na kumfunga kamba. Yote mawili nimeyaona kwa macho yangu, katika kisiwa hiki hiki.

Usonji si shetani, si uchawi, si malezi mabaya. Ni ubongo uliokua kwa njia yake tangu mtoto yumo tumboni, na urithi una sehemu kubwa. Kina mama, hapa naomba nikae kidogo. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, huko Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii. Baada ya hapo wataalamu wengi walishikilia kwamba mama zao ndio sababu, eti hawakuwapenda watoto wao. Miaka mingi wanawake wale walibeba lawama hiyo. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye naye alikuwa na mtoto mwenye usonji, aliandika kuipinga, na utafiti uliofuata ukampa haki. Sasa dada yangu, hapa Pemba, aliulizwa na wakwe zake: mimba ulipita nayo wapi? Ulikula nini? Mlikosana na nani? Alilia usiku kucha. Ikiwa kuna mama humu aliyeulizwa hayo, mimi nasema mbele ya watu wote hawa: hukufanya kosa.

Na chanjo je? Wapo wanaosema chanjo ya surua ndiyo inayoleta usonji. Maneno hayo yalitoka kwenye makala kuhusu watoto 12, iliyochapishwa na jarida la kitabibu Uingereza mwaka 1998. Mwaka 2010 jarida lenyewe liliifuta, na daktari aliyeongoza akanyang'anywa leseni. Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000, hawakuona uhusiano wowote. Surua inaua. Wapelekeni watoto wakachanjwe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila 127 alikuwa na usonji. Sensa ya 2022 ilihesabu Pemba watu 543,441. Tukichukua kadirio hilo, sisi tunao zaidi ya elfu nne. Wako wapi? Wengine wamo vyumba vya ndani, mgeni akija mlango unarudishwa. Wengine wamo madarasani mwetu, tunawaita watundu.

Tena wapo tunaowasifu. Kwetu mtoto mwenye adabu huinamisha macho mbele ya mkubwa. Basi asiyeweza kukutazama tunamwita mpole, na akiwa msichana ndiyo zaidi: kimya, hana makundi, "ana haya huyo". Hakuna anayemuuliza kama anaumia.

Nikija kwenye masikio. Skuli ya kwanza tuliyompeleka kijana wetu, kengele ni rimu ya gari iliyotundikwa mwembeni, inagongwa kwa nondo. Mimi na wewe tunaisikia, basi. Yeye ilimwingia kama msumari. Alipiga mayowe, akajirusha chini, akajigonga kichwa. Tukaambiwa, "Mrudisheni nyumbani mpaka apate akili." Akakaa nyumbani miaka miwili.

Skuli ya pili ina rimu kama ile ile. Lakini mwalimu wake anatazama saa, na kabla ya wakati anapita kwenye dawati lake na kuligonga mara mbili kwa kidole, taratibu. Mtoto anaweka penseli chini, anaziba masikio. Rimu inalia. Anaachia, anaokota penseli, anaendelea kuandika. Ni hivyo tu. Haikuhitaji fedha wala mfadhili. Walimu wenzangu, jambo hili linaniuma kwa sababu ile miaka miwili ilipotea kwa kukosa kugonga dawati.

Msimu wa karafuu uliopita alikaa nasi jamvini usiku, tunachambua, karafuu mbali na vijiti vyake, makonyo, mbali. Fungu lake halikuwa na konyo hata moja. Sisemi kwamba kila mwenye usonji ana kipaji, la. Wapo wasiosema maisha yao yote, wanaovishwa na kulishwa, na haki yao ni ile ile. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Elimu imo ndani yake.

Nyumbani, msemeshe kwa maneno machache, jambo moja moja, kisha subiri. Mpe nafasi jibu lije. Kama safari ya Wete imeahirishwa, mwambie mapema, usimshitue barazani. Akipiga mayowe, punguza redio, watoe watu, usiongeze maneno yako juu yake. Na mkiwa na shaka, anzeni hospitali kupima masikio. Msingoje "atakua tu".

La mwisho ni bahari. Wengi wa watoto hawa hupenda maji, na hutoka nyumbani kimya kimya bila kuaga. Sisi tumezungukwa na maji pande zote. Sheha na jirani wa pwani wamjue mtoto huyo kwa sura na kwa jina, wajue kwamba akiitwa huenda asiitike. Na afundishwe kuogelea, hata ikichukua mwaka mzima. Wa kwetu alianza kwa kuingiza vidole vya miguu tu, wiki tatu.

Mama wa buibui pale nyuma, umeinua mkono muda mrefu. Karibu, sema. Mtoto ana umri gani?